Kompyuta Zilizochora Eldoret

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wanasiasa walihutubu, wenyeji wakashangilia, na wenye studio ndogo za usanifu wakaona riziki: kila kichwa cha barua, bango na muhuri uliotaja manispaa ulikuwa umepitwa na wakati. Kubadilisha neno moja ndani ya faili ni kazi ya dakika chache. Miaka 40 nyuma kazi hiyo hiyo ingeweza kumla mtu wiki nzima.

Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, chapa ya mjini ilitegemea taipureta, stensili za kudurufia, herufi za risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono, na wachoraji wa mabango. Kazi ya rangi iliyotaka filamu na pleti safi ilielekea Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na kosa la tahajia lililogunduliwa baada ya kurudi lilimaanisha nauli nyingine.

Mwaka uliofuata, mbali kabisa na Eldoret, vitu vitatu vilikutana: kompyuta ya Macintosh, printa ya LaserWriter, iliyoelewa lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, na PageMaker, programu ya kampuni ya Aldus ya Seattle. Mtu asiye na kiwanda aliweza sasa kuketi mezani, apange ukurasa na kuutoa kwenye karatasi jinsi alivyouona kwenye skrini.

Mashine hizo zilikuwa ghali, na vipuri vyake adimu. Hata hivyo Eldoret ilikuwa na njaa ya maandishi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. AMECEA Gaba Publications, shirika la Kanisa Katoliki lililohamia hapa kutoka Uganda katika miaka ya 1970, lilikuwa likitoa vitabu tayari. Chuo Kikuu cha Moi nacho kilianza kufundisha uchapishaji chini ya kitivo chake cha sayansi ya habari. Wanafunzi wa shahada za juu walihitaji tasnifu zilizopigwa chapa na kujalidiwa, na kazi hiyo isiyo na mbwembwe ililisha ofisi nyingi za kompyuta mjini.

Lakini programu iliyoteka studio za hapa haikuwa PageMaker. Ilikuwa CorelDRAW, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada. Ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na Windows ilikaa ndani ya kompyuta za bei nafuu zilizounganishwa kwa vipande vya makampuni mbalimbali, ambazo fundi yeyote wa mtaa aliweza kuzifungua. Programu moja ilifanya kadi ya harusi, stakabadhi, nembo ya shule na bango la mkutano wa injili. Picha zake ni za mistari iliyokokotolewa, hivyo nembo ya muhuri ingeweza kukuzwa ijae ukuta bila kingo kuchakaa. Mashine za kukata stika zilipofika, zilifuata mistari hiyo hiyo.

Halafu kulikuwa na ile CD. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 CorelDRAW iliuzwa pamoja na maelfu ya michoro ya tayari na mamia ya fonti. Katika mji usio na intaneti, hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba ya msanifu. Njiwa wawili wenye pete mdomoni, biblia iliyofunguka, mikono iliyoshikana: yeyote aliyealikwa harusini au kwenye harambee Bonde la Ufa miaka hiyo anawajua njiwa hao. Maandishi yalikuwa Monotype Corsiva, iliyokuja na programu za ofisi za Microsoft, au Zapf Chancery, iliyochorwa na Mjerumani Hermann Zapf mwaka 1979 na kusambaa kupitia LaserWriter Plus. Eldoret hata ilikuwa na mchapishaji wa vitabu aliyeitwa Zapf Chancery. Sina ugomvi na ladha hiyo. Ilikuwa na heshima yake, na wateja waliitaka.

Tabu ilikuwa kuisafirisha kazi. Disketi ilibeba megabaiti 1.44 tu, na picha moja ya rangi iliyotayarishwa kwa chapa iliizidi mara nyingi. Diski za Zip za megabaiti 100, kisha CD za kuandikia, kisha flashi, zilipunguza tabu hiyo, ila mtu bado alipanda gari la usiku kwenda Nairobi akiwa na kazi mfukoni. Fonti isipokuwemo kwenye kompyuta ya kule, jina la bwana harusi lilitoka kwa herufi nyingine kabisa. Ndiyo sababu wasanifu wakongwe hadi leo hugeuza maandishi yote kuwa mistari kabla ya kutoa faili mlangoni.

Stima nayo ilikuwa na mambo yake. Ukame wa 1999 na 2000 ulileta mgao wa umeme nchi nzima, na studio isiyo na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ilipoteza kazi ya asubuhi kwa sekunde moja. Penye uhaba watu walibuni. Wachapaji wa fulana walitoa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kawaida, wakaipaka mafuta ya kupikia ipitishe mwanga, wakaichoma skrini juani. Filamu ya bei ghali haikuhitajika.

Sehemu kubwa ya programu hizi haikununuliwa. CD zilinakiliwa zikazunguka, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Adobe ilipoanza mwaka 2013 kukodisha programu zake mpya kwa malipo ya kila mwezi badala ya kuziuza moja kwa moja, pengo kati ya matoleo mapya na yaliyotumika hapa lilipanuka. Studio nyingi zilibaki na matoleo ya zamani kwa sababu jirani mwenye mashine ya kuchapa alikuwa na toleo lilo hilo. Hapa programu hudumu kwa kufunguka kwa jirani. Ubora huja nyuma.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, faili zikaanza kusafiri bila abiria. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilimwezesha mteja wa Iten au Kapsabet kulipa arbuni bila kushuka mjini. Printa kubwa za mabango kutoka China zikawaondoa wachoraji wa vitambaa. Sasa Canva, iliyoanzishwa Australia mwaka 2013, inamruhusu katibu wa kanisa kutengeneza tangazo kwenye simu yake, halafu analileta studio likiwa na rangi za skrini ambazo wino hauwezi kuzitoa. Msanifu hulitengeneza upya, na mara nyingi hulipwa bei ya kuchapa tu. Hilo si haki.

Kuna hasara kubwa zaidi isiyozungumzwa. Vijitabu vya mazishi, ratiba za mbio, kadi za harambee na magazeti ya shule ya miaka ya 1990 ni kumbukumbu za mji huu, na nyingi zimelala katika disketi, baadhi zikiwa faili za PageMaker. Toleo la mwisho la InDesign, programu ya Adobe iliyochukua nafasi ya PageMaker, lililoweza kufungua faili hizo ni CS6, la 2012. Disketi zenyewe zinaoza. Mwenye studio aliye na sanduku la disketi chini ya meza asilitupe: azitafutie kompyuta ya zamani inayofanya kazi, atoe nakala za PDF, na awapelekee wakutubi wa Chuo Kikuu cha Moi mwaka huu.