Joto chini ya kapo: kutoka mbio za Safari hadi milima yetu



Aliyewahi kukimbia vita ndani ya gari anajua mlima unavyotisha. Magodoro juu, mabido pembeni, watoto katikati. Mara mvuke mweupe unatoka chini ya kapo, shoferi anasimama, watu wanashuka, na kila mtu anatazama nyuma kule walikotoka. Siku ile joto la moteri si jambo la mafundi peke yao.

Wengine walipambana nalo kabla yetu, tena na magari ya mbio. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Hayakufanyika uwanjani. Magari yalipita barabara za watu, kwenye vumbi, matope na milima, mchana na usiku.

Gari moja lililopata jina huko ni Datsun 240Z ya Japani, gari la michezo lililo chini chini, lenye kapo refu na moteri ya silinda sita, lita 2.4. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971. Lakini moteri ile ilikuwa na jambo la kuangalia: kabureta zake mbili zimekaa upande uleule wa bomba la moshi, tena juu yake. Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na mamia ya digrii. Petroli ikipata joto lile inachemka na kugeuka mvuke kabla ya kufika ndani. Hapo gari linakohoa na kuzimika, hata kama tangi limejaa.

Maji nayo yana shida yake. Pwani yanachemka kwa digrii 100. Bunia, iliyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwa karibu digrii 96. Kifuniko cha radiatere kinayabana ili yasichemke mapema. Ndiyo sababu ukikifungua wakati moteri ni ya moto, maji yanakurukia usoni.

Dawa ya joto si kuongeza maji tu. Kwanza, kati ya bomba la moshi na kabureta huwekwa bamba la chuma ili kukinga joto. Pili, mipira ya petroli hupitishwa mbali na bomba. Tatu, hewa ya moto hupewa mahali pa kutokea. Hili la tatu wengi wanalisahau. Hewa ya moto isipotoka chini ya kapo, ya baridi haina nafasi ya kuingia, hata mbele ukiacha wazi namna gani. Na ukizima moteri ghafla baada ya mlima, maji yanaacha kuzunguka na feni haipulizi tena, basi joto linapanda zaidi kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana gari lililofika vizuri linakataa kuwaka tena.

Sasa sikilizeni habari ya mtu mmoja. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa wa jamaa zilizofukuzwa, naye akahamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baadaye, alishinda Safari ndani ya 240Z, akiwa na msaidizi wake Lofty Drews. Walilingana alama na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine, na sheria ya kutenganisha waliolingana ndiyo ikampa Mehta ushindi. Mwaka ule Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Kisha akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Alikuwa amepoteza kwao, lakini si ufundi wake.

Sisi hatuna gari la mbio. Tuna magari ya zamani na mizigo mingi. Basi kabla ya safari, mwambieni shoferi aoshe matope kwenye radiatere, na msifunge mabido wala magodoro mbele yake. Maji yakichemka, azime, afungue kapo, angoje moteri ipoe kabisa ndipo aguse kifuniko. Na bido la maji ya moteri liwe mbali na lile la maji ya watoto, ili mlimani pasiwe na mtu wa kuchagua kati ya hayo mawili.