Mtoto wa Kivure, Mwalimu wa Mangapwani

Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Tanganyika bara, tarehe 8 Mei 1925, lakini mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar. Wanaomwandika huharakia urais wake wa Tanzania, enzi ya rukhsa, soko huria na vyama vingi, na utoto wake wakaupa sentensi mbili. Baba yake alimvusha bahari akiwa mdogo ili asome dini. Huko Unguja akaingia pia shule ya msingi ya Mangapwani mwaka 1933, kisha Dole hadi 1942, halafu chuo cha ualimu. Nadai kwamba miaka hiyo ilimpa kitu ambacho chama tawala kisingeweza kumpa baadaye: uenyeji usio na ukoo nyuma yake.

Mangapwani ni kijiji cha pwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Hapo kuna chumba cha watumwa kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ngazi zake zikishuka gizani; msomaji wa Uvira, anayejua misafara iliyopita Ujiji ilikuwa ikielekea wapi, hahitaji kuelezwa zaidi. Katika kijiji kama hicho mtoto wa bara aliyekuja kusoma angeweza kubaki mgeni hadi siku ya kuondoka. Mwinyi alirudi mwaka 1945 kufundisha katika shule ileile iliyomfundisha kusoma, na mwaka 1950 akawa mwalimu mkuu wake. Cheti peke yake kisingemfikisha hapo. Mzazi aliyemkabidhi mwanawe kwa mwalimu huyo mwaka baada ya mwaka hakuwa na sababu kubwa ya kumuuliza kaburi la babu yake liko wapi.

Faida ya hali hiyo ilionekana Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alipojiuzulu Januari 1984 katika mgogoro wa muundo wa Muungano, na Mwinyi akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata, Nyerere alipong'atuka urais wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alitajwa sana kuwa mrithi, na baadhi ya Wazanzibari wenzake wakampinga. Aliyezaliwa visiwani aliandamwa na ugomvi wa kabla ya Mapinduzi ya 1964, na Mwinyi, aliyezaliwa bara, akapita. Itasemwa kwamba hizo zilikuwa hesabu za chama tu, na kwamba Jumbe naye alikuwa mwalimu. Ni kweli, ualimu peke yake hautoshi. Lakini hesabu za chama zilihitaji mtu ambaye pande zote mbili za bahari zingeweza kumwita wao, na mtu wa namna hiyo hatengenezwi kikaoni. Pingamizi lililo zito zaidi ni jingine: waliomkubali Mwinyi walikuwa upande ulioshika dola, na walioshindwa mwaka 1964 hawakuulizwa. Hilo silipingi, linaonyesha tu kwamba uenyeji wake ulikuwa na mipaka.

Kwetu Kongo swali hili si la mbali. Joseph Kabila alisomea utotoni Tanzania, na katika uchaguzi wa 2006 shule hizo zikageuzwa mashtaka: Jean-Pierre Bemba alijinadi kuwa ndiye mtoto halisi wa nchi, na mjini Kinshasa Kiswahili cha mpinzani wake kikahesabiwa ushahidi wa ugeni. Huku Kivu ya Kusini Kiswahili hichohicho kilimsaidia, na kura zikamwendea kwa wingi. Kuna atakayesema mfano huu unavunja hoja yangu, kwa kuwa shule ya ugenini ilimjenga mmoja na kumchafua mwingine. Naona kinyume. Mwinyi alijulikana kwanza na watu waliompokea, kwa kazi waliyoiona kila siku, kabla hajawaomba chochote. Kabila aliingia Kongo na vita ya 1996, na mwaka 2001 akarithi kiti cha baba yake aliyeuawa. Wapiga kura wa Kinshasa walianza kumsikiliza akiwa tayari ameshika madaraka.