Saa za Darasani na Kuaminiana kwa Vyuo: Historia ya Krediti za Uzamili

Mwanafunzi wa uzamili anayemaliza mihula miwili Kampala kisha akahamia Dar es Salaam hufika na hati ya matokeo iliyohesabiwa kwa kipimo kimoja, akaikabidhi kwa ofisi inayohesabu kwa kipimo kingine. Uganda, krediti moja ni saa 15 za kukaa na mhadhiri katika muhula. Tanzania huhesabu kazi yote ya mwanafunzi, yaani mihadhara, maktaba, maabara na usiku wa kuandika insha, na kila saa 10 za kazi hiyo huwa krediti moja. Huko shahada ya uzamili haipungui krediti 180. Tuchukue kozi ya Kampala yenye krediti 3. Ina saa 45 za darasani. Ukizigawa kwa 10, unapata krediti 4.5 za Tanzania. Ukichukulia kwamba kila saa ya darasani ilifuatwa na saa mbili za kujisomea, unapata saa 135, sawa na krediti 13.5. Kozi ni ileile, mhadhiri ni yuleyule, mtihani ni uleule, lakini hesabu moja imeizidi nyingine mara tatu. Anayechagua kati ya hesabu hizo mbili hulazimika kwanza kuamini, au kukataa kuamini, kwamba saa zile mbili za kujisomea zilikuwapo kweli. Dai la makala haya linaanzia hapo. Chuo kimekuwa kikikubali masomo yaliyosomwa kwingine pale kilipowajua waliofundisha na waliotahini. Saa na namba zilikuja baadaye, zikarahisisha kazi ya kuandika, ila hazikuweza kushika nafasi ya ujuano huo. Afrika Mashariki inalithibitisha jambo hili kwa namna ya pekee, kwa sababu iliwahi kuwa na kuaminiana bila kuwa na krediti, na leo ina krediti huku kuaminiana kumepungua.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na utaratibu wake wa masomo ya juu kabla ya chuo kikuu chochote kufunguliwa katika eneo hili. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu cha fiqhi, hadithi au nahau mbele ya sheikh hadi mwisho, na sheikh akaridhika naye, alipewa ijaza ya kukifundisha. Ijaza ilibeba mlolongo wa majina: huyu amepokea kwa fulani, naye fulani kwa aliyemtangulia. Kilichopimwa kilikuwa kitabu, na mmoja angeweza kukimaliza kwa miezi, mwingine kwa miaka, bila yeyote kuhoji. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Komoro mwaka 1861, akasoma Hadhramaut, akashika ukadhi Zanzibar, na akafariki huko mwaka 1925. Safari ya namna hiyo iliwezekana kwa kuwa majina ya masheikh wa Hadhramaut yalijulikana Unguja, Lamu na Ngazija kama yalivyojulikana kwao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, huwatambulisha wanavyuoni kwa walimu wao na kwa wanafunzi waliotoka mikononi mwao, jambo linaloonyesha jinsi elimu yenyewe ilivyokuwa ikipimwa. Udhaifu wa utaratibu huu hauna haja ya kufichwa. Aliyesoma kwa mwalimu asiyejulikana hakuwa na pa kusimama, hata kama kitabu alikuwa amekihifadhi chote. Lakini hakuna aliyejidanganya kwamba kipimo kingeweza kujitetea chenyewe bila mtu wa kukidhamini.

Ulaya nayo ilijaribu kuamuru kuaminiana kwa waraka. Mwaka 1233 Papa Gregory IX alitangaza kwamba mwalimu aliyefuzu Toulouse angeweza kufundisha popote bila kutahiniwa tena. Waraka ulikuwa na uzito wote wa Roma, na bado Paris na Oxford zilikuwa na mvutano wao, kila moja ikisita kumpokea mwalimu wa mwenzake bila mtihani mpya. Amri ilitoka juu, ila uamuzi ulibaki kwa walimu waliokaa chumbani na mgeni wao.

Saa zilipata enzi yake Marekani. Charles Eliot, aliyeanza kuongoza Harvard mwaka 1869, aliwaruhusu wanafunzi kujichagulia kozi, na mara tu wanafunzi walipoacha kusoma masomo yaleyale, chuo kilihitaji kitu cha kujumlisha. Msukumo mkubwa zaidi ulitokana na pensheni. Mwaka 1905 Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za kuwalipa pensheni maprofesa, na wakfu aliouanzisha ukalazimika kueleza chuo ni nini ili ujue nani alipwe. Ukaamua kwamba chuo cha kweli ni kile kinachompokea mwanafunzi mwenye uniti 14 za sekondari, kila uniti ikiwa na takribani saa 120 za darasani kwa mwaka. Vyuo vilivyozitaka fedha hizo vikafuata. Mwaka 1910 wakfu huohuo ulichapisha ripoti ya mhandisi Morris Cooke, mfuasi wa Frederick Taylor aliyepima kazi za viwandani kwa saa ya kuhesabia sekunde, na Cooke akapendekeza gharama za vyuo vikuu zihesabiwe kwa saa za mwanafunzi mmoja darasani. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kilichobuniwa ili kueleza mwanafunzi amejua nini. Kimoja kiliamua nani alipwe pensheni, kingine kilikokotoa gharama, na kutokana na vyote viwili dunia ikarithi desturi ya kuiandika elimu kwa saa.

Wamarekani wenyewe waligundua mapema kwamba saa zinazolingana hazina thamani inayolingana, na waligundua hilo katika ngazi ya uzamili. Mwaka 1911 Kendric Babcock, mtaalamu wa elimu ya juu katika Ofisi ya Elimu ya serikali, aliandaa orodha ya vyuo 344 vilivyogawanywa katika madaraja manne. Alizungumza na wakuu wa shule za uzamili na kupitia rekodi zao, akitafuta jibu la swali moja: mhitimu wa chuo hiki humaliza shahada ya uzamili kwa mwaka mmoja, au huhitaji muda zaidi wa kuziba mapengo? Vyuo vilivyowekwa chini vilikuja juu. Rais William Taft akaizuia orodha isitolewe, na Woodrow Wilson aliyemrithi hakuitoa. Lakini haja iliyoizaa haikuondoka. Tangu mwaka 1900 vyuo vikuu 14 vilikuwa vimeungana, sababu mojawapo ikiwa kutaka vyuo vya Ujerumani viheshimu shahada za Marekani, na umoja huo baadaye ukatunza orodha yake ya vyuo vilivyoidhinishwa hadi mwaka 1948. Wajerumani waliokuwa wakipima maombi ya wanafunzi kutoka ng'ambo waliitumia orodha hiyo. Waliyafuata majina, wakati hati za saa zilikuwa mezani pao. Hadi leo shule nyingi za uzamili za Marekani, ambako shahada hiyo huhitaji takribani krediti 30, hukubali krediti 6 au 9 tu kutoka kwingine. Nchi iliyouzoesha ulimwengu krediti bado inaziwekea mpaka pale zinapotoka nje ya chuo kilichozitoa.

Historia ya Afrika Mashariki ilikwenda kinyume. Kufuatia ripoti ya mwaka 1945 ya Tume ya Asquith kuhusu elimu ya juu katika makoloni ya Uingereza, Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na kuanzia mwaka 1950 ilifundisha kwa ajili ya shahada za London. Wahadhiri wa Kampala walitunga mitihani kwa kukubaliana na watahini wa London, na karatasi za majibu zilisahihishwa pande zote mbili. Utaratibu huu ulikuwa wa kikoloni, na lililostahili kusomwa liliamuliwa mbali mno na wasomaji. Hata hivyo uliacha desturi iliyozidi umri wake, ile ya mtahini wa nje. Mwezi Juni mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Julius Nyerere akiwa mkuu wake. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na umri usiofika miaka miwili. Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Dar es Salaam. Mtu anaweza kusema kwamba wanafunzi kama yeye walihama kwa shahada nzima na wala hawakubeba nusu ya masomo kutoka chuo hadi chuo, na ni kweli. Lakini mihtasari ya kozi na matokeo ya vyuo vyote vitatu vilikuwa chini ya mamlaka moja ya kitaaluma, na watahini walivuka mipaka kila mwaka. Aliyemaliza shahada ya kwanza upande mmoja akaomba uzamili upande mwingine alikuta suala la usawa limekwisha kuamuliwa kabla hajapanda basi, na hakuna aliyegawa saa zake kwa 10.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba chuo hicho kilivunjika. Tarehe 1 Julai 1970 vikawa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa, na mtu anaweza kuona hapo ushahidi kwamba kuaminiana hakutoshi. Tukichunguza sababu, tunaona jambo tofauti. Kila nchi ilitaka madaktari, wahandisi na wanasheria wake, kwa idadi iliyopangwa na serikali yake. Nairobi ilianzisha udaktari mwaka 1967 na sheria mwaka 1970. Ugomvi ulihusu nafasi, fedha na mipango ya ajira. Shahada zilizotolewa kabla ya 1970 ziliendelea kuheshimiwa pande zote, na vyuo vipya viliendelea kuombana watahini. Pigo lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1980, makao yake Kampala, katikati ya hali hiyo ngumu, na linastahili sifa kwa kuuweka hai mzunguko wa watahini katika miaka ambayo hata barua ilipita kwa shida.

Kisha vyuo vikaongezeka. Leo nchi za Jumuiya, iliyokuja kufufuliwa, zina vyuo vikuu zaidi ya mia moja, vya umma na vya binafsi, na kila nchi ikaunda chombo cha ithibati: Uganda mwaka 2001, Tanzania 2005, na Kenya ikakiunda upya chake mwaka 2012. Mwaka 2015 ukaja mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na Mei 2017 wakuu wa nchi, wakiwa Dar es Salaam, wakatangaza eneo moja la elimu ya juu. Hatua hizi ni njema, na anayezibeza hajui kazi iliyofanyika. Lakini mfumo umekuwa kama pishi mpya iliyopigwa mhuri sokoni: inasema nafaka ni kiasi gani, haisemi kama imechanganywa na mchanga. Mhadhiri anayepokea hati ya chuo asichokifahamu huiona namba, haoni mtihani. Akikataa, hawezi kulaumiwa kwa wepesi, maana jina la chuo chake ndilo litakaloandikwa kwenye shahada. Na hao wanaosema kwamba ujuano wa vyuo vitatu hauwezi kupanuliwa hadi vyuo mia moja wanasahau ngazi tunayoizungumzia. Wanaohamisha krediti za uzamili hawahami kutoka nchi hadi nchi kwa jumla. Wanahama kutoka idara hadi idara. Idara zinazofundisha isimu ya Kiswahili, au historia ya pwani, au sheria ya bahari hadi uzamivu ni chache, na walimu wao wanasoma makala ya wenzao na kukutana kwenye makongamano. Taaluma ya Kiswahili ina urithi wa jambo hili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihamia Makerere, kisha Mombasa, kabla ya kupokewa na chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964, na kazi yake ikaendelea kutoka ilipoishia kila ilipohama.

Ulaya imetoa funzo linalofaa kuchukuliwa, nalo haliko katika krediti zake 60 za mwaka. Ilipoanza kujaribu krediti za kuhamishika mwaka 1989, ziliandamana na mkataba uliotiwa saini na mwanafunzi na vyuo vyote viwili kabla ya safari, ukitaja kozi moja moja zitakazopokelewa. Kisha Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, unaohusu kutambua sifa za elimu ya juu, ukageuza mzigo wa ushahidi: chuo kinachokataa ndicho kinachopaswa kuonyesha tofauti kubwa iliyopo. Afrika ina kanuni inayofanana na hiyo katika Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014, ulioanza kutumika Desemba 2019. Idara mbili za Dar es Salaam na Kampala zinaweza kuanza bila kusubiri chombo kingine kuundwa. Zibadilishane mihtasari ya kozi zao za uzamili pamoja na karatasi kadhaa za mitihani zilizosahihishwa, kila moja imtume mhadhiri wake kutahini kwa mwenzake, na orodha ya kozi zinazopokelewa itiwe saini kabla ya muhula kufunguliwa. Ofisi itakayoikataa kozi iliyomo kwenye orodha hiyo iandike, kwa sahihi ya mkuu wa idara, ni mada gani mwanafunzi hakuisoma.