Jasusi Anamlilia Nani?

Riwaya na filamu za ujasusi hazina heshima kubwa katika kumbi zetu za fasihi. Husemwa kwamba ni burudani ya kupotezea muda safarini: risasi, magari ya kasi, warembo, na shujaa asiye na moyo. Tukiulizwa kasoro yake kubwa ni ipi, wengi wetu hujibu kwamba shujaa wake hana hisia.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jibu hilo halitoshi. Tangu miaka ya mwanzo ya Vita Baridi, majasusi wa kubuniwa wamekuwa wakipenda, wakifiwa na wakilia. Maswali yenye uzito wa kisiasa ni mawili: wanamlilia nani, na je, kilio hicho kinabadili chochote katika matendo yao? Tukiyashika maswali hayo mawili, historia ya utanzu huu inageuka kuwa historia ya jambo zito zaidi, yaani mipaka ya kile ambacho dola inaweza kumdai mtumishi wake.

Tuanze na James Bond, kwa kuwa ndiye anayetajwa daima kama mfano wa moyo wa jiwe. Ian Fleming, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa msaidizi wa mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, aliiandika riwaya yake ya kwanza, Casino Royale, nyumbani kwake Jamaica mwaka 1952. Ilichapishwa mwaka uliofuata. Bond wa riwaya hiyo si yule wa mabango ya sinema. Anateswa vibaya, analazwa hospitali, na akiwa kitandani anaanza kuitilia shaka kazi yenyewe. Anajiuliza iwapo wema na uovu kweli vimegawanyika sawasawa na pande za Vita Baridi. Anampenda Vesper Lynd, mwenzake katika kazi ile, na anaazimia kumwoa. Kisha Vesper anajiua na kuacha barua: alikuwa akiwatumikia Warusi kwa kushurutishwa, kwa sababu mpenzi wake wa zamani alikuwa mikononi mwao.

Bond analia, lakini kwa muda mfupi sana. Anafuta macho, anapiga simu London, na kumtaja marehemu kwa neno la kashfa, kama adui aliyekwisha kuondolewa. Hapo ndipo shujaa tunayemjua anapozaliwa. Hazaliwi kwa kukosa hisia, bali kwa kuzifunga. Shaka ya hospitalini inazikwa pamoja na Vesper, na mahali pake inakuja chuki dhidi ya wale waliomshurutisha. Msiba ambao ungeweza kumfanya mtu aulize kazi hii inatufanya tuwe watu wa namna gani unageuzwa kuwa sababu ya kuifanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi.

Mfano wa pili unatoka kwenye filamu. Jamaica ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, filamu ya kwanza ya Bond, Dr. No, ikaonyeshwa London kwa mara ya kwanza. Hadithi yake inatendeka Jamaica. Miongoni mwa wanaomsaidia Bond ni Quarrel, mvuvi mweusi kutoka visiwa vya Cayman, mtu jasiri anayeijua bahari ile. Katika mandhari moja Bond anamwagiza akamletee viatu vyake. Baadaye Quarrel anateketezwa na gari linalotema moto, katika mapambano ambayo si yake. Bond anausogelea mwili wake kidogo, kisha hadithi inaendelea. Hakuna anayeulizwa kama Quarrel alikuwa na mke au watoto.

Linganisha na On Her Majesty’s Secret Service, riwaya ya mwaka 1963 iliyotengenezewa filamu mwaka 1969. Humo Bond anaoa, na mkewe, Tracy, anauawa kwa risasi siku ileile ya harusi. Kitabu na filamu vyote vinasimama kando ya maiti yake. Ni mojawapo ya miisho yenye majonzi zaidi katika mfululizo mzima. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyempita Quarrel ana uwezo kamili wa kuomboleza. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kilio cha jasusi kina ramani yake, na ramani hiyo inafanana sana na ile ya himaya aliyoitumikia.

Mwaka huohuo wa 1963 ilitoka riwaya iliyoligeuza swali zima. Mwandishi wake, David Cornwell, alikuwa bado mtumishi wa ujasusi wa Uingereza, aliyefichwa katika cheo cha kibalozi huko Ujerumani Magharibi, na kwa sababu hiyo alitumia jina la kubuni: John le Carré. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa Agosti 1961, na ndio unaoifungua na kuifunga The Spy Who Came in from the Cold.

Alec Leamas, mhusika wake mkuu, ni jasusi aliyechoka. Anatumwa kujifanya msaliti ili amwangamize Mundt, mkuu mkatili katika idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki. Akiwa tayari ndani ya mtego ndipo anapoelewa kwamba mtego haukutegwa kwa ajili ya Mundt. Mundt ni mtu wa London. Anayetakiwa kuangamizwa ni Fiedler, naibu wake Myahudi, mtu mwenye akili na imani ya kweli, aliyekuwa amekaribia kuugundua ukweli. Ili jambo hilo litimie, London imemtumia pia Liz Gold, msichana wa maktaba na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, ambaye kosa lake pekee ni kumpenda Leamas.

Mwishoni Leamas na Liz wanaukwea ukuta usiku. Liz anapigwa risasi. Leamas yuko juu, na upande wa pili wenzake wanamhimiza aruke. Kwa kila kipimo cha kazi yake ameshinda: Mundt amesalimika na London imepata ilichokitaka. Lakini anashuka upande aliko Liz, naye anauawa.

Leamas si mtu wa machozi. Ukihesabu maneno ya huzuni katika kitabu kile, huenda Bond akamshinda. Kina cha hisia zake kiko katika miguu yake: anashuka. Huu ndio mstari ninaoutaka wanafunzi wauone. Kuna hisia zinazoipamba amri, na kuna hisia zinazoikataa. Aina ya kwanza inamfanya mtumishi wa dola avutie zaidi machoni petu huku mashine ikiendelea kusaga. Aina ya pili inaisimamisha mashine, hata kama ni kwa dakika moja na kwa gharama ya uhai.

Graham Greene, ambaye naye alikuwa jasusi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alipelekwa Freetown, aliipeleka hoja hiyo mbele zaidi katika The Human Factor ya mwaka 1978. Maurice Castle ni ofisa wa makamo katika ofisi ya London inayoshughulikia Afrika. Hana bastola wala gari la ajabu. Anapanda treni kwenda kazini na kurudi kwa mkewe. Mkewe, Sarah, ni Mwafrika kutoka Afrika Kusini, na mapenzi yao yalikuwa kosa la jinai chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Aliyemsaidia kumtorosha alikuwa mkomunisti. Castle hauamini ukomunisti, lakini anayo shukrani, na kwa shukrani hiyo anaipa Moscow siri za ofisi yake. Serikali yake, wakati huohuo, inashirikiana na makaburu.

Wakubwa wake wanapogundua kwamba siri zinavuja, wanamshuku kijana asiye na hatia anayefanya kazi naye, na daktari wa idara anamuua kwa sumu kimyakimya. Hakuna kesi, na walioamua wanaendelea na maisha yao ya chakula kizuri na uwindaji. Castle anakimbilia Moscow. Sarah na mtoto wanabaki Uingereza, na kitabu kinaishia kwenye simu iliyokatika. Greene hatuambii kwamba Castle alikuwa sahihi. Anatuuliza jambo gumu zaidi: mtu anayesaliti kwa sababu ya upendo na mtu anayeua kwa sababu ya utaratibu, ni yupi kati yao aliyeisaliti nchi?

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwetu, kwa sababu vita ambavyo Greene aliviona kutoka London vilipiganwa pia hapa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Katika mazingira ya namna hiyo ndipo Aristablus Elvis Musiba alipomuumba mpelelezi Willy Gamba, na vitabu kama Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi vikasomwa mpaka kurasa zikalegea.

Ni kawaida kusema kwamba Willy Gamba ni Bond aliyevalishwa ngozi nyeusi. Ujuzi wa silaha, starehe na wanawake vinalipa dai hilo nguvu. Lakini chimbuko la hisia zake ni tofauti. Bond analinda himaya inayopungua. Gamba analinda ukombozi unaoendelea. Hasira yake si ya mtu binafsi tu, ni ya bara lililokuwa linauawa viongozi wake. Kwa msomaji wa Tanzania wa miaka hiyo, hasira hiyo ilikuwa elimu ya siasa. Hata hivyo, kina hicho nacho kina mpaka wake. Riwaya hizi hazimpi shujaa wake nafasi ndefu ya kuomboleza, na mara chache zinamruhusu aitilie shaka idara yenyewe. Dola huru iliaminika kuwa iko upande wa haki, basi na mtumishi wake hakuhitaji kuuliza. Ni imani iliyoeleweka kwa wakati wake, lakini ilituachia fasihi ya ujasusi yenye hasira nyingi na maswali machache.

Historia yenyewe imetuonyesha kwa nini maswali hayo ni muhimu. Ruth First aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu la barua. Jasusi wa makaburu Craig Williamson alikiri kuhusika kwake, na mwaka 2000 akapewa msamaha katika mchakato wa Tume ya Ukweli na Maridhiano. Sheria iliyounda tume hiyo ilidai mwombaji aeleze ukweli wote na aonyeshe kwamba tendo lilikuwa la kisiasa. Haikudai majuto. Watunga sheria walijua kwamba machozi yanaweza kuigizwa. Wengine tutabisha kama walifanya haki, lakini walikuwa na hakika moja: hisia za mtendaji si malipo kwa aliyetendewa.

Hakika hiyo ndiyo sinema ya karne hii imeisahau. Tangu Casino Royale ilipotengenezwa upya mwaka 2006, shujaa mwenye majeraha ya moyo amekuwa bidhaa inayouzika. Katika filamu hiyo Bond anamuua kiongozi wa waasi kutoka Uganda, pamoja na mlinzi wake, kwenye ngazi za hoteli. Kisha anamkuta Vesper amekaa chini ya bomba la mvua na nguo zake, akitetemeka kwa damu anayoiona mikononi mwake, naye anaketi kando yake kumfariji. Ni mandhari nzuri, yenye huruma ya kweli. Ila huruma yote ni ya waliosalimika. Maiti za ngazini ni kazi ya kusafisha tu. Na kesho yake mchezo wa karata unaendelea.

Sisemi tuache kutazama. Mimi mwenyewe sitaacha. Nasema tusidanganywe na kipimo rahisi, kwamba shujaa akilia basi kazi imekuwa ya kibinadamu. Nawaomba hasa wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma, ambao hakuna atakayewapa bastola lakini siku moja mtapewa faili, orodha ya majina, au barua ya kutia saini. Uchungu mtakaousikia usiku baada ya kutia saini hautamsaidia yeyote aliye kwenye orodha ile. Wa kumsaidia ni ule uchungu utakaouzuia mkono wenu kabla ya wino.