Sauti ya Pwani Katika Milima ya Upare

Sisi watu wa pwani tumezoea kujivunia safari ya Kiswahili kwenda bara, kana kwamba lugha ilitembea yenyewe. Tukiitazama Same na milima iliyo juu yake, tutaona kwamba ilibebwa, na waliobeba mzigo mkubwa ni gazeti na redio.

Wenyeji wengi wa milima hiyo hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Kaskazini wapo Wagweno, wenye lugha yao nyingine. Kuwaita wote Wapare, watu wa wilaya moja, ni mazoea yaliyokomazwa na utawala wa kikoloni na maandishi yake.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Same. Miaka miwili kabla ya hapo, mmisionari wa Kiadventista, Ernst Kotz, alikuwa amechapisha sarufi ya Chasu kwa Kijerumani. Chasu kikapata nafasi yake kanisani. Habari za dunia, hata hivyo, zilikuja kwa Kiswahili, hasa baada ya Mambo Leo kuanza Dar es Salaam mwaka 1923. Gazeti hilo lilichapisha mashairi ya wasomaji pia. Mshairi wa bara aliyetaka kusomwa mbali alijifunza vina na mizani vya pwani. Tungo za lugha ya mama zilibaki ngomani na katika vinywa vya wazee.

Hata hivyo, vinywa vilikuwa na nguvu. Katika miaka ya 1940 Wapare walipinga kodi ya mbiru, na mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same kudai ifutwe. Hawakuitwa na redio. Neno lilipita kutoka kijiji hadi kijiji. Katika miaka ya 1950 Upare ukapata gazeti lake, Habari za Upare. Jina lilikuwa la nyumbani, lakini lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mpare akajitambulisha kwa wenzake kwa lugha iliyotoka baharini.

Redio ilizidisha mambo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya Uhuru Redio Tanzania ikatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Jirani Kenya, redio ya taifa ilitangaza pia kwa lugha za makabila. Tanzania ilichagua umoja, na matunda ya uchaguzi huo hatuwezi kuyabeza: mtu wa Same na mtu wa Pemba huelewana bila mkalimani. Lakini mtoto wa Upare alikua akisikia kwamba mambo makubwa, yaani habari, mpira na hotuba, husemwa kwa lugha isiyo ya bibi yake.

Mwaka 1969 mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alichapisha historia ya kisiasa ya watu wake, aliyoijenga kwa masimulizi ya wazee. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Wazee waliotoa maneno hayo wengi wao wasingeweza kuyasoma.

Basi tunapoisifu lugha yetu kwa kuunganisha taifa, na tuitambue dhima iliyo juu yetu. Kurasa za Kiswahili ziwe mahali ambapo masimulizi ya Vaasu yanaandikwa pamoja na majina yake ya Chasu, kabla waliyoyahifadhi hawajatutoka.