Jiokashingi

Jiokashingi ni mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa nje kwa kutumia GPS. Anayeficha kikasha hutangaza latitudo na longitudo zake. Anayekipata huandika jina na tarehe katika kijitabu kilichomo, kisha hukirudisha palepale.

Mchezo ulianza Marekani baada ya serikali kuacha, tarehe 2 Mei 2000, kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali pake kwenye intaneti. Ndani mlikuwa na vitabu, pesa, hata kopo la maharagwe. Siku hizi chakula hakiruhusiwi, maana huvuta wanyama.

Simu humfikisha mtafutaji karibu tu. Mita chache zinazobaki ni kazi ya macho, na hapo ndipo penye utamu. Anayekwenda peke yake anaweza kuchagua kikasha kigumu (ugumu hupimwa kuanzia 1 hadi 5), mradi aage nyumbani. Watoto hufurahia zaidi kikasha kikubwa chenye vitu vya kuchezea: anayechukua kimoja huacha kingine cha thamani ileile au zaidi. Kwenye mashimo ya miti mtu mzima achungulie kwanza kabla mtoto hajatia mkono; huenda nyoka au nyuki wamewahi.