Gaidi Mwenye Kamera

Januari 2008 Humane Society ya Marekani (HSUS), shirika la kutetea wanyama, ilitoa video iliyorekodiwa kwa siri na mpelelezi wake, aliyekuwa ameajiriwa kama kibarua katika machinjio ya Hallmark/Westland mjini Chino, California. Ng'ombe wa maziwa waliochoka, wasioweza tena kusimama, wanasukumwa kwa forklifti, wanapigwa shoti kwa fimbo za umeme, wanamwagiwa maji puani kwa mpira ili wainuke. Walilazimishwa kuinuka kwa sababu ng'ombe aliyeanguka haruhusiwi kuwa kitoweo, kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Mwezi uliofuata kiwanda kilitangaza kurudisha ratili milioni 143 za nyama, kiasi cha tani 65,000. Nyingi zilikwisha kuliwa, baadhi yake na watoto shuleni. Novemba mwaka huohuo zaidi ya asilimia 63 ya wapigakura wa California waliunga mkono Pendekezo la 2, lililodai kuku, nguruwe na ndama wafugwe mahali wanapoweza kugeuka na kunyoosha viungo.

HSUS haikuvunja kufuli wala kuwasha kiberiti. Ilitumia kamera na sanduku la kura. Mwaka 2010 shirika liitwalo Center for Consumer Freedom (CCF) likaanzisha HumaneWatch, mradi mahususi wa kuiandama HSUS, likanunua hata ukurasa mzima wa gazeti. Ujumbe wake: hawa ni watu wa msimamo mkali waliovaa suti. Wakati wenyewe ndio ushahidi wangu mkuu. Mradi ulikuja baada ya kura, si baada ya moto.

Maana moto ulikuwepo kweli, na asiyekiri hilo hafai kusikilizwa. Wanaharakati wa kundi la Animal Liberation Front walichoma majengo. Mwaka 2006 wanaharakati sita wa kundi la SHAC walitiwa hatiani New Jersey kwa kampeni ya vitisho dhidi ya waliohusiana na Huntingdon, maabara za majaribio kwa wanyama. Lakini jina la ugaidi walilojipatia hao kwa matendo yao limebandikwa kwa makusudi kwenye kipaji cha uso cha mwingine, ambaye kosa lake ni kushinda kihalali.

Nani anabandika? CCF ilizaliwa mwaka 1995 kwa jina la Guest Choice Network. Mwasisi wake, Richard Berman, mshawishi wa Washington, alipewa dola 600,000 na kampuni ya sigara ya Philip Morris ili kuwakusanya wenye mikahawa wapinge marufuku ya kuvuta sigara. Tunalijua hili kwa sababu kesi za tumbaku ziliwalazimisha wenye viwanda kufungua makabati yao. Sigara ilipopoa, mashine ileile ikageuziwa nyama. Mwaka 2014, akizungumza na wakuu wa kampuni za mafuta na gesi mjini Colorado Springs bila kujua anarekodiwa, Berman aliwatoa hofu: fedha zao zingepitia mashirika yasiyo ya faida, ambayo sheria haiyalazimishi kutaja wafadhili. Anayewaita wenzake watu wa hatari, basi, hujificha nyuma ya pazia, na anayelipa hajulikani.

Hoja iliyopendwa zaidi na HumaneWatch ni kwamba HSUS hutoa chini ya asilimia 1 ya bajeti yake kwa vituo vya kuhifadhi mbwa na paka. Hesabu yenyewe si ya uongo. Ila HSUS, tangu ilipoanzishwa mwaka 1954, haijawahi kuwa mama wa vituo hivyo. Kazi yake ni sheria, uchunguzi na kampeni. Ni kama kumlaumu wakili kwa kutopika. (Tuseme kweli: matangazo yake ya kuomba michango, yenye mbwa wa macho ya huruma, yalisaidia kuwachanganya watu.) Tena mfuatilie mnufaika wa hoja: nyuma ya huruma kwa mbwa wa mtaani yumo mfugaji wa nguruwe ndani ya vizimba.

Kutoka kwenye matangazo, jina likahamia kwenye sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baraza la ALEC, linalowakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni, liliandika muswada wa mfano uliohesabu upigaji picha wa kuchafua sifa ya shamba kuwa ugaidi, pamoja na daftari la kuandikisha magaidi hao. Huko Idaho, mwaka 2014, muswada wa kuzuia upigaji picha, uliokuja kuwa sheria, uliandikwa na chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenyewe, na seneta mmoja akawafananisha wapelelezi na wavamizi wa kale walioteketeza mazao ya adui. Utah, mwaka 2013, mwanamke aliyesimama kando ya barabara ya umma alirekodi ng'ombe aliyeonekana mgonjwa akibebwa na trekta nje ya machinjio. Akashtakiwa kwa sheria ya jimbo ya aina hiyohiyo. Machinjio yalikuwa mali ya familia ya meya wa mji. Kesi ilifutwa baada ya watu kupiga kelele.

Mahakama za shirikisho zilibatilisha sheria ya Idaho mwaka 2015, ingawa rufani ilirejesha sehemu yake, kisha ile ya Utah mwaka 2017, na ya Iowa, ya aina hiyohiyo, Januari 2019. Machi mwaka huohuo Iowa ilipitisha nyingine.